Mzabibu wa Bi Lubaba

Wamesimulia wenye kuhifadhi habari za waja wema, Mwenyezi Mungu awarehemu wao, na awarehemu pia wale waliowasikiliza bila kusinzia, kwamba hapo zamani palikuwa na mji mdogo pembezoni mwa jangwa, na mji huo ulikuwa wa tende. Asubuhi tende, mchana tende, na mgeni akifika huulizwa atakula tende au angependelea tende. Watu wake walizaliwa kivulini mwa mitende, wakaswali juu ya mikeka iliyosukwa kwa makuti ya mitende, na walipofishwa walibebwa kupita katikati ya mitende. Mti wa namna nyingine hawakuujua, wala hawakuona haja.

Katika mji huo aliishi mkwezi mmoja jina lake Hudaiji. Kazi yake ilikuwa kupanda mitende, kukata makuti makavu, na kuteremsha vikonyo tende zikiiva. Alikuwa mtu mcha Mungu, mrefu kama nguzo ya msikiti, na ulimi wake haukuacha dhikri. Siku moja aliteleza, akasikika akitoa shahada mara tatu kabla ya kufika chini, na mtende wenyewe haukuwa mrefu. Mola akamnusuru, akainuka, akapangusa kanzu, akaparamia tena.

Mkewe aliitwa Sufana. Ndui ilimpofua tangu ujana wake, lakini vidole vyake vilikuwa na maarifa. Akikushika mkono alijua umelala vizuri au umelala na mawazo. Hudaiji alipata kusema, "Watu wana wake wa kuwaficha mambo. Mimi nikila tende moja ya ziada njiani, mke wangu ananishika kidole gumba, basi, nimekwisha."

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mirdasi, mshona makubadhi. Huyu naye alikuwa mja mwema, ila kazi yake ilimzoesha kutazama chini. Ukimwuliza fulani ana sura gani, atakujibu, "Ana wayo mpana, na kisigino cha kushoto kinaliwa." Mirdasi alimwoa Bi Lubaba, binti wa watu wa milimani, na siku bibi harusi alipoteremshwa kwenye ngamia, wanawake walimkuta amekumbatia kitu kilichozungushiwa kitambaa kibichi. Walidhani ni dhahabu. Walipofunua wakaona kijiti.

"Hiki ni nini, mwanangu?" akaulizwa.

"Mzabibu wa mamangu," akasema. "Nimeulowesha njia nzima, siku kumi na moja. Wenzangu wa safari walikunywa maji kwa kipimo, mimi nilimgawia na huyu."

Akaupanda nyuma ya nyumba karibu na kisima, akamwambia mumewe amtengenezee chanja ya miti utambae juu yake. Ukashika. Tangu mwaka wa tatu, kila kiangazi bakuli la zabibu lilivuka ukuta kwenda kwa Hudaiji na Sufana. Zabibu zenyewe zilikuwa nyeusi, tamu, na ngozi yake nyembamba. Sufana alizishika moja moja kabla ya kuzila, akisema hajapata kugusa kitu kilichofanana zaidi na shavu la mtoto.

Sasa lisikilizeni jambo hili, maana kisa chote kimesimama juu yake. Ukuta wa kati ya nyumba mbili hizo ulikuwa wa udongo, kimo cha kifua. Mbuzi wa Hudaiji akisimama kwa miguu miwili aliona kila kitu ng'ambo. Hudaiji mwenyewe, na urefu wote ule, hakuona chochote kwa miaka kumi na tisa. Akipita hapo aliinamisha kichwa, akisema, "Nyumba ya jirani ina haki ya sitara." Hata akipanda mtende ulio karibu alipaza sauti kwanza, "Enyi wenye nyumba, mkwezi yuko juu!" kisha akaukabili mti kama anayetaka kuubusu, asije akaona ua wa mtu. Hivyo zabibu alizila miaka yote hiyo, lakini mzabibu hakuwahi kuutia machoni.

Kisha Bi Lubaba akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuacha mtoto. Mirdasi akabaki na mkufunzi mmoja tu wa kumfundisha subira, nao ni ule mti nyuma ya nyumba. Aliumwagilia, akaongea nao, na kila baridi ilipoingia aliufunika majamvi kama alivyozoea kumwona mkewe akifanya. Lakini mambo yakabadilika. Mti uliota majani hadi ukaziba anga, vijiti vikasokotana kama nywele za mtu aliyekimbia vita, na zabibu zikapungua mwaka hadi mwaka. Zilizobakia zikawa ndogo na chachu.

"Una msiba," Mirdasi akasema. "Unamlilia mwenyewe."

Bakuli likaendelea kuvuka ukuta. Hudaiji alizila zote, jicho moja likifumba lenyewe, akisema "Alhamdulillahi" baada ya kila punje, na kila punje ilimlazimisha kuisema kwa nguvu zaidi.

Mwaka wa sita wa ujane wake, Mirdasi akajaaliwa kwenda Hija. Mwaka ule Dhulhija iliangukia baridini, na msafara uliondoka wakati majani ya mzabibu yakiwa bado ya kijani. Asubuhi ya safari alimwita Hudaiji, akamfungulia mlango wa ua, akamshika mkono na kumwongoza mpaka kwenye chanja. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mkwezi yule kuuona.

"Jirani," akasema Mirdasi, "nyumba hii ikianguka, iache ianguke. Makubadhi yakiibwa, aliyeyaiba avae kwa heri. Lakini huyu ndiye niliyebakiwa naye. Lubaba aliuleta kifuani. Nakwenda kumwombea kwa Mola wake, nami nataka nikirudi niukute hai nimwambie nimefika salama. Nakukabidhi. Ni amana."

Hudaiji akaweka kiganja juu ya shina, akasema, "Ni amana ya Mwenyezi Mungu shingoni mwangu. Utaukuta kama ulivyouacha."

Wakakumbatiana, wakalia, msafara ukaondoka. Na katika kukumbatiana na kulia huko, Mirdasi akasahau kusema jambo dogo sana, ambalo kwake lilikuwa la kawaida mno hata halikumjia: kwamba mzabibu, baridi ikiingia, huangusha majani yote ukalala.

Mtende haulali. Mtende ni kijani Muharamu na kijani Shaabani. Mtu aliyezaliwa, akakulia na kuzeekea juu ya mitende anajua mti una hali mbili tu: uko hai, au umekufa.

Basi Hudaiji akaanza kuulea. Ndoo mbili asubuhi, ndoo mbili alasiri. Haukupita mwezi, jani la kwanza likageuka manjano. Akaongeza ndoo. Likageuka la pili, la kumi, kisha upepo mmoja wa baridi ukavuma tangu alfajiri hadi adhuhuri, na alipoingia uani akakuta majani yote yako chini na chanja imebeba kamba kavu za rangi ya udongo.

Alirudi nyumbani akaketi. Sufana akamshika mkono.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Mti wa Lubaba," akasema Hudaiji. "Umefia mkononi mwangu, Sufana. Niliapa kwa kiganja hiki unachokishika."

"Umekauka wote?"

"Makuti yote makavu. Hakuna hata moja bichi."

Sufana akakikunjua kiganja kile. Kisha akasema, "Na mtende makuti yakikauka, nyinyi wakwezi mnafanyaje?"

"Tunayakata, ili nguvu ibaki kwenye moyo."

"Basi moyo wa huyu uko wapi?"

Hudaiji akafikiri. "Sijui. Moyo wa mtende uko kileleni. Huyu kilele hana, amelala chali kama mlevi wa usingizi. Labda moyo wake uko kwenye shina."

Akamwagilia na kungoja, akangoja na kuomba. Kila baada ya swala alinyanyua mikono akasema, "Ewe Mola, mti si wangu." Hakuna kilichobadilika. Baridi ilipokaribia kwisha, akaona hana budi kujaribu alilolijua, akachukua mundu, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akaanza kukata kila kilichokauka, na kila kitu kilikuwa kimekauka. Matawi marefu yaliyosokotana miaka sita yakashuka chini. Na kwa kuwa mkono wa mkwezi una mazoea yake, kila alipokata aliacha kigutu cha vidole vinne. Ndivyo wakatavyo makuti ya mtende, huacha kigutu ili mguu upate pa kukanyaga siku ya kupanda. Mguu wa nani ungepanda mzabibu ambao hata kuku angeuruka, hakujiuliza. Alikata akilia, na mikono ikafanya ilivyozoea.

Alipomaliza akatazama lile rundo la vijiti. Nyumbani kwake kuni zilikuwa zimekwisha, na Sufana alikuwa akitetemeka mbele ya seredani yenye majivu tu. Hudaiji akanyoosha mkono kwenye rundo, kisha akaurudisha.

"Mti ulikuwa amana," akajiambia, "na vijiti vyake je, vimekuwa vya nani?"

Hakuchukua hata cha kuchokonolea meno. Alivifunga vyote mafungu mafungu. Na kwa kuwa aliogopa vikikauka zaidi vitavunjika, Mirdasi asipate hata umbo la kuutambua mti wake, alivitendea kama watu wake wanavyotendea makuti ya kusukia mikeka, ambayo lazima yawe na unyevu ndiyo yasikatike. Alisimamisha kila fungu katika hodhi la mchanga uliolowa, kivulini, nyuma ya kisima. Akawa anaunyunyizia mchanga maji kila siku.

Siku ya pili ya kukata aliingia uani, akakuta lililommaliza kabisa. Kwenye ncha ya kila kigutu limening'inia tone la maji safi. Likadondoka. Likaja jingine.

Hudaiji akaketi chini palepale. "Unalia," akasema. "La haula wala kuwwata illa billah. Umeungoja mkono wangu ukukate, sasa unalia." Akatoa kilemba chake, akawa anafuta vigutu kimoja kimoja, kama mtu anayefuta nyuso za mayatima. Alipofika cha mwisho, cha kwanza kilikuwa kimeshalowa tena. Akaendelea hivyo hadi adhana ya adhuhuri, na sijui kati yake na mti nani alitoa maji mengi zaidi.

Siku chache baadaye matone yakakoma. Penye vifundo pakatokea vitu vidogo vyeupe vyeupe, kama pamba chafu. Hudaiji akavitazama kwa mbali, akasema, "Na koga limeingia. Maiti ameanza kuoza." Hakutaka kutazama zaidi. Akawa anaingia ameinamisha kichwa, ananyunyizia mafungu ya vijiti, anatoka.

Habari ikafika kuwa msafara wa mahujaji uko mwendo wa siku mbili. Shemeji yake Hudaiji, kinyozi na mpiga chuku aliyeitwa Zura, akaja kumtazama, maana mji mzima ulikuwa umeona mkwezi amekonda. Akasikiliza kisa chote akichezea wembe wake.

"Jambo dogo hili," akasema. "Mbuzi wako yuko wapi?"

"Yuko pale, anatutazama."

"Mwambie Mirdasi mbuzi aliruka ukuta. Akala majani, akatafuna vijiti, mti ukafa. Nani atabisha? Mbuzi?"

Hudaiji akamgeukia mbuzi. Mbuzi akaacha kutafuna.

"Shemeji," akasema Hudaiji taratibu, "siku ya Kiyama huyu atapewa haki yake. Atasimama mbele ya viumbe wote aseme, 'Ewe Mola, mimi kwa miaka yote nilisimama kwenye ukuta ule, nikaona majani mabichi, nikatamani, nikajizuia. Kisha huyu akanisingizia.' Nitamwambia nini mbuzi mcha Mungu kuliko mimi?"

"Wewe na mbuzi wako!" Zura akafoka. "Mirdasi atakuchukia. Miaka kumi na tisa ya ujirani itakwisha kwa siku moja. Neno moja tu lingekuokoa."

"Ndilo ninaloliogopa," akasema Hudaiji. "Zura, ujirani wake ninaupenda kuliko macho yangu. Lakini nikiushika kwa uongo, nitakuwa nimeshika nini?"

Sufana, aliyeketi pembeni, akasema, "Mume wangu, usimngoje mlangoni. Ukimngoja mlangoni ataingia na furaha, kisha aikute maiti. Mlaki njiani, umwambie kabla hajaona."

Alfajiri ya siku ya pili Hudaiji aliswali, akatembea kuelekea jangwani peke yake. Watu wengine walitoka na dufu kuwapokea mahujaji. Yeye alitoka na mundu mkononi, maana alisema, chombo kilichotenda kosa kihudhurie.

Akamkuta Mirdasi akitembea kando ya ngamia, uso umeungua kwa jua, na shingoni amening'iniza kiriba kidogo cha ngozi. Mirdasi alipomwona alicheka kwa sauti, akatanua mikono. Hudaiji hakumkumbatia.

"Usinishike kwanza, Haji," akasema. "Nishike ukishanisikia. Ulinipa amana nami nimeipoteza. Mti ulikauka majani yote. Nimeumwagilia, nikaomba, haukurudi."

Mirdasi akamtazama, kisha akaangua kicheko, akajipiga paji la uso. "Subhanallah! Na mimi mjinga! Ya akhi, haukukauka. Umelala! Kila baridi huangusha majani na kulala. Nilisahau kukwambia. Nisamehe, nimekutesa bure!"

Hudaiji hakucheka. Midomo yake ilikuwa imekauka kama ngozi ya makubadhi. "Unalala?" akasema polepole. "Basi hali ni mbaya zaidi, jirani. Mimi nimemkata mtu usingizini."

"Umekata nini?"

Hudaiji akaonyesha vidole vinne.

"Vidole vinne umekata?"

"Vidole vinne nimebakisha."

Ngamia wakapita, mmoja baada ya mwingine. Mirdasi akaketi pembeni mwa njia, kwenye vumbi. Akashika kiriba shingoni mwake kwa mikono miwili. Hudaiji akasimama mbele yake, ameinamisha kichwa, mundu umelegea mkononi.

Mwishowe Mirdasi akasema, "Haya ni maji ya Zamzam. Nimeyabeba siku thelathini. Wenzangu waliyanywa ya kwao njiani, mimi sikuyagusa. Nilikuwa nimemwekea yeye, niyamwage kwenye shina." Akafumba macho. Machozi yakamtiririka hadi ndevuni. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Kilikuwa chake, alinipa, amekichukua."

Kisha akafanya jambo ambalo wasimulizi wakilifikia husita kidogo. Alifungua kamba ya kiriba kile, akainuka, akakiweka mdomoni mwa Hudaiji.

"Kunywa, jirani," akasema. "Umetembea tangu alfajiri, na midomo yako imepasuka."

"Siwezi, Haji. Haya si haki yangu."

"Kunywa! Ungetaka kunidanganya, ungeningojea nyumbani na maneno matamu. Umekuja na mundu mkononi. Kunywa, kisha unibakizie kidogo, tukamwagie alipolala, hata kama ni kwa kumwaga tu."

Hudaiji akanywa akilia. Wakaingia mjini wameshikana mikono, na waliokuwa wakipiga dufu wakawapisha, wakidhani ni machozi ya Hija.

Walipofika nyumbani Mirdasi akafungua mlango wa ua, akamwita na Sufana, maana ndiye aliyekuwa rafiki wa Lubaba. Miezi yote ile Sufana hakukanyaga pale, kwa sababu ni nyumba ya mtu asiyekuwepo. Akaingia amemshika mumewe bega. Mirdasi alipoona chanja tupu na vigutu vimejipanga, akageuza uso.

"Na vijiti?" akauliza. "Mlipikia?"

"Hasha!" akasema Hudaiji. "Vyote viko hapa, nyuma ya kisima. Nimevitunza visivunjike."

Sufana akapelekwa penye hodhi. Akainama, vidole vyake vikapita juu ya fungu la kwanza, vikashuka kifundo kwa kifundo. Akasimama wima ghafla.

"Hizi ni kuni za Lubaba," akasema.

"Ni matawi ya mzabibu wake," Mirdasi akamsahihisha kwa upole.

"Nakwambia ni kuni za Lubaba! Kila mwaka, baridi ikikaribia kwisha, aliniletea mafungu ya vijiti kama hivi kwa ajili ya seredani yangu. Vifundo vyake hivihivi. Wembamba wake huuhuu. Nilimwuliza anavitoa wapi, akacheka, akasema, 'We ota moto, Sufana, kazi ya kuuliza waachie makadhi.' Tangu alipofariki sijavishika tena."

Mirdasi akakunja uso. "Alikuletea lini? Mbona mimi sikuwahi kumwona akikata?"

"Ungemwona vipi? Siku hiyo wewe hukuwepo. Ulikuwa umekwenda kununua chumvi."

Kuku akapita kati yao akidonoa.

"Chumvi," akasema Mirdasi.

Na yeye mshona makubadhi, mtu wa kutazama chini, akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Kila mwaka, baridi ikikaribia kwisha, Lubaba alikuwa akimwambia, "Baba, chumvi imekwisha, na ya hapa mjini ina mchanga. Nenda mgodini kwenyewe." Ni mwendo wa siku nzima kwa punda, kwenda na kurudi. Alikwenda kila mwaka, hakuuliza. Akirudi alikuta mti umefunikwa tena majamvi, na mkewe akimwambia, "Amelala, usimfunue." Na chumvi ile ilijaa nyumbani. Ilijaa mitungi, ikajaa vikapu, mpaka leo ilikuwapo ghalani chumvi ya kutosha kumkausha ngamia na mwenye ngamia.

"Alinificha," akasema. "Alikuwa akiukata mwenyewe."

"Alikuwa akisema," Sufana akajibu taratibu, "kuwa mume wake ana moyo laini, hata ngozi ya kiatu huiomba radhi kabla ya kuitoboa. Sikujua alikuwa akisema juu ya nini."

Mirdasi akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikageuka kicheko tena. "Chumvi! Ewe Lubaba! Miaka kumi na mitatu umenipeleka chumvi! Nami nikabaki miaka sita nikiuhurumia mti wako, nikaacha mavijiti yaunyonye, nikasema una msiba!"

Wakati huo Sufana alikuwa ameshasogea peke yake mpaka kwenye chanja, mikono mbele. Vidole vikagusa kigutu cha kwanza.

"Hudaiji," akaita. "Wewe uliniambia limeingia koga."

"Liko hapo, jeupe."

"Koga gani hili lenye joto? Hili ni laini. Lina manyoya kama kifaranga aliyetoka yaini leo." Akakigusa kidogo tu, kwa ncha ya kidole, na pamba ile ikafunguka. Ndani yake palikuwa na jani, dogo kuliko ukucha, limejikunja, jekundu jekundu, na kingo zake za kijani.

"Haji," akasema Sufana, "njoo umsalimie. Ameamka."

Mirdasi alishika chanja asianguke. Hudaiji alianguka, akaanguka kwenye sijda, na kilemba chake kikaviringika hadi kisimani. Kila kigutu kilikuwa na macho mawili ya kuchipulia, na kila jicho lilikuwa linafunguka. Na walipochomoa fungu moja kutoka kwenye hodhi la mchanga, wakakuta vijiti vile navyo vimefumbua macho juu, na chini vimetoa nyuzi nyeupe za mizizi. Hakuna aliyevipanda. Vilitunzwa tu visivunjike, kwa kuwa si mali ya aliyevitunza.

Mirdasi akamwaga Zamzam iliyobaki kwenye shina. Ilikuwa matone machache, kwa kuwa nyingi ilikuwa imenywewa na aliyekosea. Akasema kwa sauti ndogo, "Lubaba, nimefika salama."

Kiangazi kile zabibu zikarudi, nyeusi na tamu, na bakuli likavuka ukuta. Hudaiji akala punje ya kwanza, jicho lake likafumba kwa mazoea, kisha likafumbuka lenyewe. Vile vijiti vya kwenye hodhi Mirdasi alivigawa mji mzima, kila nyumba chake. Hata Zura kinyozi alipewa, kwa sharti ampelekee mbuzi majani ya kwanza na kumwomba radhi. Wanasema alikwenda, akainama, akamwomba, na mbuzi akayala majani bila kusema kitu. Katika miaka michache mji ule wa tende ukawa na kivuli cha aina mbili.

Na Mirdasi, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuweza kamwe kuutazama mti ule ukikatwa. Kwa hiyo kila mwaka, baridi ikikaribia kwisha, Hudaiji alikuja na mundu nyuma ya mgongo, akabisha hodi, akasema kwa adabu, "Haji, nasikia chumvi imekwisha."

"Imekwisha kabisa, jirani," Mirdasi alikuwa akijibu, na ghala nyuma yake imejaa hadi darini. Kisha akamtandika punda, akatoka akitabasamu.

Ndugu zangu, amana huja na sura nyingi, na mara nyingi aliyekukabidhi husahau kukueleza nusu yake. Ukikosea, mlaki mwenyewe njiani. Nawe uliyekosewa, kama umebeba maji, mnyweshe aliyekuja kukiri, kwa maana hujui mkono wake umekutendea nini bila yeye mwenyewe kujua. Mola atujaalie majirani wa kutuficha kwa huruma na kutukiria kwa ukweli, na tukilala usingizi wetu mrefu, atuamshe tukiwa na macho mapya. Amin.